Kusaidia au kutumikia? Neno moja la watawa wa Kihindu na zahanati zao

Katika somo la tafsiri kila mmoja wetu alipewa kurasa chache za Kiingereza azigeuze katika Kiswahili. Mwenzangu mmoja alipata maelekezo ya pampu ya maji, mwingine hotuba ya waziri. Mimi nilipata kurasa nne kuhusu Ramakrishna Mission, shirika la watawa wa Kihindu lenye makao makuu Belur, kwenye ukingo wa mto Hooghly, ng'ambo ya jiji la Kolkata nchini India. Nilifurahi. Nilidhani kazi ni nyepesi: wanajenga mahekalu, wanafungua hospitali, wanatuma magari ya dawa vijijini. Kwetu Katanga nani asiyejua habari kama hiyo? Ondoa hekalu, weka kanisa, ondoa watawa wa Kihindu, weka mapadri na masista, umemaliza.

Nilikwama kwenye mstari wa tatu. Mwandishi wa Kiingereza mwenyewe alikuwa ameacha neno moja bila kulitafsiri: seva. Nikiliacha hivyo na mimi, mwanafunzi yeyote wa informatike atafikiri nazungumzia kompyuta kubwa inayohifadhi data. Nikiandika "msaada", nasema jambo ambalo watawa wale wamelikataa waziwazi tangu mwanzo. Na huko kukataa si kwa ajili ya uzuri wa maneno. Ndiko kunakoeleza kwa nini watu waliojitenga na dunia ili kumtafuta Mungu walijikuta wakifua mashuka ya wagonjwa wa kipindupindu.

Nianze na shirika lenyewe. Kisheria ni mawili. La kwanza ni Ramakrishna Math. Math maana yake ni nyumba ya watawa. Hilo ni wakfu, lililowekwa kwa hati ya mwaka 1901: mali imekabidhiwa kwa wadhamini, na hakuna kati yao anayeweza kuifanya yake wala kuirithisha. Najua wengine watasema neno wakfu ni la Waislamu na halifai hapa. Mimi naona linafaa kabisa, kwa kuwa asili yake katika Kiarabu ni kusimamisha: mali imesimamishwa, haitembei tena kutoka mkono hadi mkono. La pili, Ramakrishna Mission, lilianzishwa na Swami Vivekananda tarehe 1 Mei 1897 na kuandikishwa serikalini mwaka 1909 kama chama. Sisi tungesema asbl. Math hushughulika zaidi na mahekalu, sala na malezi ya watawa. Mission hushughulika zaidi na hospitali, shule na maafa. Lakini wadhamini wa Math ndio baraza linaloongoza Mission, na watawa ni walewale. Vitabu vya fedha ndivyo vinavyotengwa. Mtu aliyetoa pesa kwa ajili ya hekalu ajue zimekwenda hekaluni, na aliyetoa kwa ajili ya dawa ajue zimekwenda kwenye dawa.

Lisionekane kuwa jambo la mbali sana na sisi. Math ina kituo Lusaka, safari ya siku moja kwa basi ukishavuka Kasumbalesa. Na aliyewahi kuishi Dar es Salaam anaijua hospitali ya Hindu Mandal, ingawa hiyo ni ya chama kingine kabisa, cha Wahindu wa huko, wala haina uhusiano na watawa ninaowaeleza hapa.

Sasa neno. Linaanzia hekaluni. Mwaka 1855, kaskazini mwa Kolkata, mjane tajiri aitwaye Rani Rashmoni alifungua hekalu la Dakshineswar kwa ajili ya mungu mama Kali. Mjane huyo hakuwa wa tabaka la juu, na Wabrahmani walisita kufanya kazi ya ukuhani katika hekalu la mtu kama yeye. Aliyekuja kuwa kuhani pale ni Ramakrishna, kijana wa kijijini aliyezaliwa mwaka 1836, ambaye shule hakuipenda. Mwaka 1868 mkwe wa Rashmoni, Mathur, alimchukua kwenda kuhiji mahali patakatifu. Njiani walipita Deoghar, wakakuta kijiji cha watu wenye njaa, nguo zimewachakaa mwilini. Ramakrishna akaketi kati yao na kukataa kuendelea na safari mpaka Mathur awape wote chakula, kila mmoja kitambaa cha kuvaa, na mafuta ya kupaka kichwani. Mathur alilalamika kwamba pesa za hija zitaisha. Mwishowe alitii, na nguo zikaagizwa kutoka Kolkata.

Nimeyatazama yale mafuta ya kichwa kwa muda mrefu. Chakula na nguo ni vitu ambavyo shirika lolote lingeandika kwenye orodha yake. Mafuta ni kitu unachompa mgeni.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 1884, Ramakrishna alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake mafundisho ya watu wengine wa dini, na humo mlikuwa na agizo la kuwa na huruma kwa viumbe. Neno la huruma ni daya. Alipolifikia akasita, kisha akalikataa. Alisema mtu ni mdogo mno hata amhurumie kiumbe. Si huruma bali ni seva, kwa kutambua kwamba kiumbe huyo ni Shiva mwenyewe. Kati ya waliosikiliza alikuwepo kijana wa chuo aliyeitwa Narendranath, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Vivekananda. Alitoka nje akiwaambia wenzake kwamba siku moja atalitangaza neno hilo kila mahali.

Hapo ndipo penye fundo la tafsiri. Hekaluni, seva ni kazi ya kila siku mbele ya sanamu ya mungu: kumwamsha asubuhi, kumwogesha, kumvika, kumpa chakula, kumpepea wakati wa joto, kumlaza usiku. Kazi hizo ndizo anazofanya muuguzi. Aliyezizoea mbele ya sanamu hahitaji kujifunza kitendo kipya akikuta mgonjwa barabarani. Anabadilisha tu mahali pa kukifanyia.

Varanasi, mji mtakatifu wa mto Ganga, wazee wengi huenda kufia, wakiamini kufa pale ni kuokoka. Kwa hiyo barabarani hapakosi mtu anayekata roho peke yake. Mwaka 1900 kijana mmoja aliyesoma maandishi ya Vivekananda alimkuta bibi mgonjwa amelala kando ya njia. Hakuwa na kitu mfukoni. Aliomba sarafu kwa mpita njia, robo ya rupia, akamnunulia bibi maziwa, na yeye na wenzake wakaanza kutafuta chumba cha kuwalaza watu kama huyo. Walikiita chama chao kwa Kiingereza, kwa jina lenye maana ya kuwaondolea maskini shida zao. Jina la kawaida kabisa. Hata hapa mjini mabango ya namna hiyo yapo tele. Vivekananda alipofika Varanasi mwaka 1902, miezi michache kabla ya kufa, aliwasifu kwa kazi na kuwakemea kwa jina. Aliwaambia kwamba hawana uwezo wala haki ya kumwondolea mtu shida. Wanachoweza ni kumfanyia seva. Jina likabadilishwa. Nyumba ile ni hospitali hadi leo.

Wenzangu wa darasani walicheka nilipowasimulia. Watu wanakufa barabarani, ninyi mnagombania jina! Lakini tazama anayesimama wapi katika kila neno. Anayesaidia yuko juu, anainama. Anayefanya seva yuko chini, anainua macho.

Maneno ni rahisi hekalu na mgonjwa wasipogombania mfuko mmoja. Je, wakigombania? Hilo lilitokea mapema. Mwanzoni mwa mwaka 1898 watawa walinunua kiwanja cha Belur, kwa sehemu kubwa kwa fedha za Mwingereza Henrietta Müller. Kabla ya hapo walikuwa wamepanga katika nyumba mbovu. Hatimaye wamepata mahali pa kujenga hekalu la mwalimu wao, na miezi michache baadaye tauni ikaingia Kolkata. Watu walikimbia jiji, wengine wakiogopa ugonjwa, wengine wakiwaogopa maofisa wa serikali ya kikoloni waliokuja na masharti ya karantini. Vivekananda alirudi haraka kutoka Darjeeling, akapanga kazi ya uuguzi. Mtawa mmoja alipouliza pesa zitatoka wapi, alijibu kwamba ikibidi watauza kiwanja kipya. Wao ni watawa, watalala chini ya miti kama zamani.

Hakikuuzwa. Michango ilipatikana, na mwaka uliofuata Sister Nivedita, mwanamke wa Ireland aliyekuwa mwanafunzi wa Vivekananda, aliongoza vijana kufagia vichochoro vya mitaa ya maskini, na inasemekana yeye mwenyewe alishika ufagio. Lakini jibu lile lilibaki kama kipimo. Hekalu kubwa la Belur lilifunguliwa tarehe 14 Januari 1938, miaka arobaini baada ya kiwanja kununuliwa, kwa fedha ambazo nyingi zilitoka kwa waumini wa Marekani. Lina umbo linalochanganya hekalu, kanisa na msikiti. Katika miaka hiyo arobaini hospitali za Varanasi na Kankhal zilikuwa zimekwisha kutibu watu wengi sana. Sijui parokia nyingi za kwetu ambazo zahanati yake ilitangulia mnara wa kengele kwa miaka arobaini. Nasema hivyo nikiwa Mkatoliki, na si kwa ubaya.

Kankhal, karibu na Haridwar, ndipo neno lilipowagharimu zaidi. Kituo kilianza mwaka 1901 na mtawa mmoja, baadaye wakawa wawili. Walikuwa wakiomba chakula kama watawa wengine wa pale, lakini pia walipika dawa, waliosha vidonda na kubeba kinyesi cha wagonjwa, hata wa matabaka yasiyoguswa. Watawa wa desturi ya zamani, waliojaa katika mji ule, waliwadharau. Mtawa aliyekwisha kuacha dunia anafanya nini na kinyesi cha mtu wa tabaka la chini? Waliwaita kwa jina la tabaka la wasafisha vyoo na kuwatenga kwenye karamu zao. Miaka mingi ilipita kabla hawajawakubali.

Vijijini kazi ilianza mapema vilevile. Mwaka uleule wa 1897 mtawa mmoja aliyekuwa akisafiri wilaya ya Murshidabad alikuta njaa, akashindwa kuendelea na safari, na kituo alichoanzisha huko bado kipo Sargachhi. Mwaka 1951 ilifunguliwa hospitali ya kifua kikuu nje ya mji wa Ranchi, katika eneo la misitu. Mwaka 1979 ikafunguliwa hospitali ya Itanagar, katika jimbo la Arunachal Pradesh, milimani karibu na mpaka wa China. Mwaka 1985 wakaingia Narainpur, mlango wa vilima vya Abujhmad, ambako wenyeji wanaishi msituni mbali na barabara, na ambako waasi na serikali wamepigana kwa miaka mingi. Huko zahanati peke yake haikutosha. Watawa walifungua shule za bweni, na pia maduka ya chumvi, mchele na mafuta ya taa kwa bei iliyowekwa na serikali, ili wenyeji wasinyonywe na wachuuzi. Msomaji wa Kivu au wa Pweto ataelewa haraka kwa nini duka la chumvi linaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya afya.

Namna ya kawaida ya kazi vijijini ni gari la dawa linalokwenda kijiji fulani siku fulani ya juma, bila kubadilika. Siku ikijulikana, wagonjwa hujipanga wenyewe. Wanaohitaji zaidi hupelekwa hospitalini. Kuna pia kambi za macho kwa ajili ya mtoto wa jicho, ugonjwa unaowapofusha wazee wengi wa India. Upasuaji wake ni wa muda mfupi, na aliyeletwa akishikwa mkono huondoka akijiongoza mwenyewe. Si yote ninayoyasifu. Zahanati zao nyingi hutoa pia homeopati, ambayo sayansi haijathibitisha kwamba inaponya, na kwa mtu mwenye homa kali dawa isiyoponya ni hatari hata ikitolewa kwa upendo.

Pesa hutoka kwa waumini, kwa serikali, na kwa wagonjwa wenye uwezo, ambao hulipa ili wasio nao walipe kidogo au wasilipe. Watawa hawana mshahara. Madaktari wengi wanao. Fedha za serikali huja na masharti yake, na hapo kulizuka kesi ambayo wengine India hawajaisahau. Mwaka 1980, likigombana na serikali ya West Bengal juu ya uongozi wa vyuo vyake, shirika liliomba mahakama ilitambue kuwa si la Kihindu bali ni dini ndogo yenye mafundisho ya Ramakrishna, kwa sababu katiba ya India huzipa dini ndogo uhuru wa kuendesha shule zao. Mahakama Kuu ya nchi ilikataa mwaka 1995: ninyi ni Wahindu. Watu waliokataa kuitwa wasaidizi, kumbe nao walikuwa tayari kubadilisha jina ili kulinda vyuo. Sikuwapenda kidogo niliposoma hayo, kisha nikakumbuka kwamba wanaoendesha hospitali huishi pia kati ya makaratasi.

Kuna jambo jingine, na hili ni letu. Mama yangu mdogo alijifungua kwa upasuaji katika kituo cha afya ambacho sitakitaja. Mtoto alikuwa mzima, kidonda kikapona. Lakini bili ilikuwa haijaisha, kwa hiyo hakuruhusiwa kutoka. Alikaa majuma matatu katika chumba cha nyuma pamoja na kina mama wengine watano, kila mmoja na mtoto wake, wakipikiwa na ndugu zao. Nilipokwenda kumpelekea bukari, mlinzi wa mlango aliuliza nimekuja kwa nani. Nikataja jina. Akamgeukia mwenzake: "Ni ule wa deni." Tuliuza cherehani ya bibi ndipo akatoka. Siwalaumu wauguzi wale. Nilijua kwamba serikali haiwalipi, na kwamba wanaishi kwa bili hizohizo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeingia kama mgonjwa alibadilishwa jina akiwa kitandani, na baada ya hapo kila mtu alimtendea kulingana na jina jipya.

Vivekananda naye alimpa maskini jina: Daridra Narayana, yaani Narayana, Mungu, aliye katika umaskini. Mwenzangu Mprotestanti, ambaye hubishana nami kila wiki, alilipinga mara moja. Mgonjwa akiitwa Mungu, alisema, atadai nini? Mungu hapangi foleni kulalamika kwamba dawa zimekwisha muda. Heri aitwe raia, apewe haki yake, na hayo mengine ya mbinguni myaache. Hoja hiyo ina watu wake India pia. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la wasioguswa na kuongoza uandishi wa katiba ya nchi, alilikataa jina la Harijan, watu wa Mungu, ambalo Gandhi aliwapa watu wake. Jina tamu halikuwapa kisima wala shamba. Sina jibu la kumshinda mwenzangu. Namwambia tu kwamba yule mlinzi, kama angemwona mama mdogo kuwa raia, angeweza bado kumfungia mlango kwa mujibu wa kanuni. Naye hujibu kwamba mahekaluni pia kuna milango, na walioizuiwa wanajulikana.

Turudi kwenye kurasa zangu nne. "Huduma" nililiacha, kwa sababu siku hizi linauzwa na makampuni ya simu. "Ibada" lilinivuta sana: katika Kiarabu limetoka kwenye mzizi uleule wa abd, mtumwa, kwa hiyo kuabudu na kutumika vilikuwa ndugu kabla havijafika pwani yetu. Lakini nani leo atasoma "ibada kwa wagonjwa" asifikirie padri mwenye mafuta matakatifu? Nilichochagua ni kitenzi nilichokijua tangu nikiwa na miaka tisa, nilipovaa kanzu nyeupe iliyonizidi urefu na kushika chetezo parokiani. Tulisema tunatumikia misa. Kitenzi kilekile, bila kubadilisha herufi, hutumika kwa mtu: kumtumikia mgonjwa. Kina doa lake. "Mtumishi wa serikali" ni mtu ambaye wengi wetu hatukumbuki kumwona akitutumikia. Hata hivyo ndilo neno letu pekee ambalo linasimama altareni na wodini bila kubadilisha nguo.

Kwa hiyo nyumba ya Varanasi, katika tafsiri yangu, ni Nyumba ya Kutumikia. Kwa Daridra Narayana nimejaribu mara nne na kufuta mara nne: "Mungu Maskini" linasikika kama tusi, "Maskini Mungu" kama kosa la sarufi. Profesa ameniongezea muda hadi mwisho wa mwezi. Mwenye neno bora anikute maktabani, meza ya dirishani, alasiri.